Anayekupigia asikie nini: mlio wa kawaida, wimbo, tangazo au muziki wa kusubiri?

Simu yako ikilia mfukoni, unasikia mlio uliouchagua mwenyewe. Anayekupigia hausikii huo. Yeye anasikia sauti nyingine kabisa, itokayo kwa kampuni ya simu au kwenye mashine ya ofisini mwako, na kwa kawaida wewe mwenye nambari ndiye wa mwisho kuijua, kwa kuwa hakuna mtu ajipigiaye. Kwa hivyo kabla ya kuendelea kusoma, azima simu ya jirani, piga nambari yako na usipokee. Sikiliza mpaka ikatike yenyewe. Wako watu hapa Mombasa ambao simu zao bado zinawaimbia wateja wimbo waliouweka siku za harusi yao wakausahau, na watoto washaingia chuoni.

Za kuchagua ni nne: mlio wa kawaida wa mtandao, wimbo wa Skiza (huduma ya Safaricom ya kumwimbia anayepiga) au huduma kama hiyo ya mtandao mwingine, tangazo la biashara linalosikika mahali pa wimbo, na mashine ya ofisi inayopokea simu kisha kumweka mtu kwenye muziki wa kusubiri. Watu huzitia kapu moja kwa sababu zote husikika mtu akiwa anangoja. Lakini kuna mstari unaozigawa, nao una pesa ndani yake, basi tuanze hapo.

Nani analipia kungoja

Tatu za kwanza husikika kabla simu haijapokewa, na simu ambayo haijapokewa haikatwi kitu. Mtu akiusikiliza wimbo wako nusu dakika kisha akaachilia, salio lake liko vilevile. Ada ya wimbo unalipa wewe mwenye laini.

Ya nne ni kinyume. Mashine ikishasema "Karibu", kwa mtandao simu imepokewa, na sekunde zinahesabiwa hata kama mtu wa kwanza mwenye damu na nyama atasikika baada ya dakika sita. Mlipaji ni aliyepiga, isipokuwa umechukua nambari ya bure, zile zinazoanza na 0800, ambapo gharama inahamia kwako.

Mjini hapa jambo hili si dogo. Chukua ofisi ya clearing, yaani ya kutoa mizigo forodhani, karibu na bandari ya Kilindini. Wapigaji wake ni wa aina mbili: wenye mizigo walioko Nairobi au Kampala, wanaopiga kwa simu za kampuni, na madereva wa malori waliozuiwa getini kwa karatasi moja iliyokosekana, wenye salio la shilingi chache. Mwenye mzigo atangoja huku akinung'unika. Dereva hawezi. Atakata simu, atume ujumbe wa "tafadhali nipigie", na mwisho wa yote ni wewe utakayempigia, saa uliyo na kazi nyingine mkononi. Ofisi kama hiyo ikiweka mashine yenye muziki kwenye nambari ya kawaida, imewafukuza wale hasa ambao tatizo lao haliwezi kungoja.

Halafu kuna kubip. Anayebip anataka simu yako ilie mara moja tu, akate, nawe umpigie. Ni mapatano ya zamani kati ya wenye salio na wasio nalo, na yanafanya kazi vizuri na mlio wa kawaida na hata na wimbo. Mashine inayopokea papo hapo inayavunja: inamla mtu sekunde zake kabla hajapata nafasi ya kuachilia. Wenye mashine wanaweza kuiambia ingoje milio mitatu minne kwanza. Ni mpangilio wa dakika moja kwa fundi, na wachache huuomba.

Mlio wa kawaida

Huu ndio ninaoutetea mara nyingi, na mara nyingi sisikilizwi, maana hauuzwi na mtu yeyote na hakuna anayeutangaza.

Kwanza tuondoe dhana moja. Kile "kruu, kruu" unachosikia ukipiga si kengele ya simu ya mwenzio inayokufikia kwa mbali. Ni sauti inayotengenezwa na mtandao, kukuarifu kwamba simu ya upande wa pili imepatikana na inalia. Mlio wako na kengele yake haviendi sambamba. Ndiyo maana wakati mwingine mtu anapokea hata hujasikia kitu, ukashtuka. Kila nchi ina mdundo wake. Uingereza ni mapigo mawili mafupi ya haraka kisha kimya cha sekunde mbili. Marekani ni mlio mrefu wa sekunde mbili na kimya cha sekunde nne. Sehemu kubwa ya Ulaya ni mlio mmoja kisha kimya kirefu. Mwenye shangazi London na kaka Marekani anaijua tofauti hiyo kwa sikio hata kama hajawahi kuifikiria.

Ubora wa mlio huu ni kwamba unasema jambo moja na watu wote wanalielewa, kuanzia mtoto hadi bibi asiyesoma: inalia, ngoja. Ukibadilika kuwa mapigo ya haraka haraka, anaongea na mtu. Ikija sauti ya "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani", simu imezimwa au hakuna mtandao. Ni habari tatu tofauti bila neno la ziada. Wimbo huzichanganya mbili za kwanza: ikiwa umewasha huduma ya kungojesha simu ya pili, anayekupigia wakati unaongea na mtu mwingine husikia wimbo vilevile, akadhani umeitupa simu mezani na kwenda zako.

La pili ni kelele. Mlio wa mtandao ni noti moja ya katikati ya sikio. Mtu akikupigia akiwa juu ya feri ya Likoni, injini zikinguruma na mahamali wakiomba njia, ataupata. Wimbo hataupata, atasikia mchakarisho tu na kujiuliza kama laini imeharibika.

Upungufu wake ni mmoja wa kweli: haumwambii mtu kama amepiga penyewe. Kwa biashara ambayo nambari yake imeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha katoni, hilo ni tatizo.

Wimbo

Mtindo wa kuweka wimbo mahali pa mlio ulianzia Korea Kusini, kampuni ya SK Telecom ilipoutoa mwaka 2002. Safaricom walileta Skiza mwaka 2009, na hapa kwetu jina hilo limekuwa jina la kitu chenyewe, hata kwa wenye laini za mitandao mingine. Unabonyeza *811#, unachagua, na ada inakatwa kidogo kidogo kwenye salio lako na kujirudia yenyewe mpaka uiondoe. Usome ujumbe wa kuthibitisha. Usipoondoa, haiondoki.

Kuna sababu moja ya kuuchukua ambayo haihusiani na masikio kabisa: sehemu ya pesa hiyo inamfikia msanii. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2019 yaliandika kwamba mwenye kazi asipate chini ya asilimia 52 ya mapato ya nyimbo hizi. Kwa wanamuziki wa Pwani, ambao santuri zao zilinakiliwa kwenye kaseti na kaseti zikanakiliwa tena pale Mwembe Tayari bila wao kuona hata shilingi, hiyo ni njia adimu ya mpenzi wa wimbo kumlipa mwenye wimbo. Ukiwa unaweka kwa nia hiyo, weka, na usinisikilize mimi.

Ila chagua kwa sikio la simu, si la spika ya nyumbani. Simu ya kawaida hupitisha sauti za kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 300 na 3,400 hivi. Chini ya hapo na juu ya hapo hukatwa. Zaidi ya hayo, mitambo ya simu za mkononi imetengenezwa kubana sauti ya mtu anayesema: huipima kama koo na mdomo, na chochote kisichofanana na koo na mdomo hukifanya ovyo. Laini za 4G zenye sauti pana hufika hadi hezi 7,000, lakini ni lazima pande zote mbili na mitambo ya kati iwe nayo.

Matokeo yake unaweza kuyasikia. Besi ya gitaa huyeyuka. Dufu la kaswida hubaki kama mtu anayegonga kisanduku. Udi hupoteza tumbo lake. Ukimsikiliza marehemu Zein l'Abdin kwa simu, unabaki na ncha za nyuzi tu, na mwenye kuujua mkono wake ataumia. Tarumbeta na nzumari hupita bila shida, tena kwa ukali, hadi mtu hutenga simu na sikio. Vinanda vingi kwa pamoja, ule mvumo wa fidla na kodiani wa taarabu ya zamani, hugeuka uji. Kinachopita vizuri kuliko vyote ni sauti ya mtu mmoja anayeimba wazi. Sauti ya marehemu Juma Bhalo husimama kwenye simu kana kwamba ilitungiwa simu. Na ajabu ni kwamba sauti nzito ya mwanamume, ambayo mzizi wake uko chini ya hezi 300, bado tunaitambua kuwa nzito: sikio linaukamilisha lenyewe ule mzizi uliokatwa, kutokana na matawi yake yaliyopita.

La pili la kuangalia ni mwanzo wa kipande. Ukiwa mtu wa kupokea simu haraka, mteja atasikia sekunde tano tu, na taarabu haina haraka. Kwa sekunde tano vyombo bado vinasalimiana. Tafuta kipande kinachoanza na mwimbaji ameshafungua kinywa.

Halafu maneno. Hapa ndipo Mombasa inapokuwa ngumu kuliko mji mwingine wowote niujuao. Kuchagua wimbo wa simu ni kama kununua leso: rangi inavutia, lakini kitakachosomwa ni jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Nyimbo zetu zimejaa mafumbo, na anayepiga simu anangoja peke yake, simu ikiwa sikioni, hana la kufanya ila kusikiliza kila neno. Atajiuliza anaambiwa nani. Wifi akisikia mpasho, hatasema "ni wimbo tu". Mwenye nyumba anayepiga kuulizia kodi akikutana na wimbo wa kuambiana "roho yako itakuuma mwenyewe", umeshaingia ugomvi ambao hukuutaka. Wako wanaouweka kwa makusudi, na hao hawahitaji ushauri wangu. Lakini kama huna adui maalumu unayemlenga, sikiliza beti yote kabla ya kuiweka, kisha fikiria watu watatu wanaokupigia mara nyingi, na mama mkwe awe mmojawapo.

Na kumbuka kuwa watu hawapigi kwa furaha tu. Anayekupigia kukupa pole akakuta chakacha, atajua kuwa hukuwa na nafasi ya kuiondoa, lakini atakuwa ameisikia. Wengi huondoa nyimbo wakati wa matanga na wengine mwezi wa Ramadhani, wakaweka kaswida, na baada ya Idi wakarudi walipokuwa. Ni kazi ya kukumbuka mambo, na ni gharama ya wimbo ambayo haiandikwi kwenye ujumbe wa bei.

Kuhusu kaswida na nyimbo za injili sina kipingamizi, mradi sauti ya mwimbaji iwe mbele ya vyombo. Aya za Qur'ani ni jambo jingine. Masheikh wengi hawazipendi mahali hapa, na hoja yao ni ya kiufundi kama ilivyo ya kidini: ukipokea simu, aya inakatwa katikati, na maana yake inaweza kukatika vibaya. Mwaka 2010 Ali Gomaa, aliyekuwa Mufti wa Misri wakati huo, alisema hivyohivyo kuhusu kutumia aya kama mlio wa simu. Adhana ina shida ya ziada: mtu anaisikia saa nne asubuhi. Ukitaka kitu cha heri, salamu fupi au dua iliyokamilika kwa maneno machache inatosha.

Mgeni wa nje ni kundi la mwisho la kufikiria, hasa kwa wenye nyumba za wageni Nyali na Bamburi. Mtu anayepiga kutoka mahali ambapo nyimbo hizi hazikuenea huenda akadhani simu imepokewa na kuna redio inalia chumbani. Anasema "Halo? Halo?", hajibiwi, anakata. Nambari inayoandikwa kwa ajili ya watalii iache na mlio wake.

Tangazo mahali pa wimbo

Kampuni za simu huwauzia wafanyabiashara pia nafasi ya kuweka ujumbe wao mahali pale pa wimbo. Kwa duka, zahanati, fundi au mwenye teksi, mimi naona hili ndilo linalofaa kuliko wimbo, na watu hulidharau kwa sababu wamesikia matangazo mabaya mengi.

Tangazo baya ni lile la sekunde arobaini lenye muziki wa sinema chini yake na bwana mwenye sauti ya mazishi akisema kampuni inajali ubora. Zuri linajibu maswali ambayo mtu angeuliza hata usipopokea. Kwa mfano: "Umefika duka la leso, Biashara Street, mkabala na benki. Tuko wazi saa tatu hadi saa kumi na mbili. Ijumaa mchana tunafunga kwa sala. Tunapokea sasa hivi." Soma kwa sauti na saa mkononi: ni kama sekunde kumi. Mteja ambaye hutampokea ameshajua aje saa ngapi na wapi. Kwa duka lenye wahudumu wawili na foleni ya harusi za mwezi wa Mfungo Mosi, hiyo ni kazi kubwa imefanywa bila mtu.

Usitaje bei, zitapitwa. Usiahidi "tunapokea sasa hivi" kama hupokei. Rekodi wewe mwenyewe au mtu wa dukani, kwa sauti ambayo mteja atakutana nayo akija. Chumba chenye mapazia na makochi ni studio ya kutosha, mradi dirisha halitazami barabara ya tuktuk. Kiswahili kitangulie. Kiingereza kikihitajika kifuate kwa sentensi moja, si tafsiri ya yote.

Mashine na muziki wa kusubiri

Muziki wa kusubiri una baba anayejulikana. Alfred Levy, Mmarekani mwenye kiwanda, aliona kwamba simu za kiwandani kwake zilikuwa zikitoa muziki: waya uliolegea ulikuwa umegusa chuma cha jengo, na jengo lilikuwa likipokea redio ya jirani. Aliomba hataza mwaka 1962 na akapewa mwaka 1966. Tangu hapo binadamu wamekuwa wakisikiliza vinanda wasivyoviomba. Kipande kinachosikika kwenye simu nyingi za ofisi za Cisco kilirekodiwa gereji na kijana wa miaka 16 mwaka 1989, na rafiki aliyekirekodi naye ndiye aliyekiingiza kwenye kampuni hiyo miaka mingi baadaye alipoajiriwa huko.

Zamani mashine hii ilikuwa ya mabenki na mahoteli makubwa. Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipotua Mombasa mwaka 2009 na intaneti ikashuka bei, hata ofisi ya watu watano inaweza kuwa na simu inayopita kwenye intaneti, na programu ya bure kama Asterisk inaiendesha kwenye kompyuta ya kawaida. Ndiyo maana siku hizi unakuta mpaka duka la vipuri linakwambia ubonyeze moja.

Kabla ya kuchagua muziki, hesabu watu. Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 hesabu za jinsi simu zinavyokuja bila mpangilio na jinsi foleni inavyotokea. Katika kazi yake kuna jambo la kumpendeza mwenye biashara: foleni haikui sawasawa na idadi ya simu. Wahudumu wakishakaribia kuwa na kazi muda wote, simu chache tu za ziada hurefusha kungoja kupita kiasi. Kinyume chake pia ni kweli: kumwongeza mtu mmoja wa kupokea saa za asubuhi kunaweza kuimaliza foleni ambayo ulikuwa unaitafutia muziki. Mshahara wa mtu huyo wa nusu siku ulinganishe na bei ya mashine kwanza.

Ukibaki na mashine, basi kimya ndicho kibaya kuliko vyote. Mtu akiwa kimyani sekunde chache hudhani imekatika, anakata, anapiga tena, na anarudi mwisho wa foleni. Muziki mwepesi unamwambia bado yupo. Lakini muziki peke yake haumwambii lini, na hilo ndilo analotaka. Sauti ya kusema "kuna watu wawili mbele yako" ina thamani kuliko wimbo wowote, kwa kuwa dereva wetu wa getini anaweza kuamua: angoje, au akate salio likingali lipo. Lile "simu yako ni muhimu kwetu" kila nusu dakika lina kasoro yake: kila likikatiza muziki, mtu huinua roho akidhani amepokewa.

Muziki wenyewe usiwe na mwimbaji. Ni kinyume cha nilivyosema kuhusu Skiza, na sababu ni ileile: sauti ya mtu hupita vizuri mno, hivyo mngojaji hudhani ni mhudumu. Ala moja au mbili, mwendo wa pole, besi imepunguzwa, sauti isipande na kushuka sana. Fundi ahifadhi faili kwa mono na sampuli 8,000 kwa sekunde, ndiyo kipimo cha simu. Ukimpa faili nzuri ya studio, mashine itaibana yenyewe na huenda ikaibana vibaya. Mwulize pia simu zenu zinatumia kibanio gani, yaani njia gani ya kubana sauti (codec). G.711 hubeba muziki kwa namna ya kuvumilika, G.729, inayopendwa na wenye intaneti nyembamba, huusagasaga.

Na huwezi tu kuchukua taarabu uipendayo na kuitia kwenye mashine. Kuwachezea wateja muziki ni matumizi ya biashara, yanahitaji leseni kutoka kwa vyama vya kukusanya mirahaba vilivyoidhinishwa na bodi ya hakimiliki, KECOBO. Kwenye Skiza haki zimo ndani ya ada. Kwenye mashine yako, kazi ni yako. Njia rahisi ni kumlipa mpiga udi au kinanda mmoja akutungie dakika tatu, mkaandikiana. Wapo mjini, na wengi wangefurahi.

Kwa mkato, zikiwekwa ubavu kwa ubavu:

| | Mlio wa kawaida | Wimbo | Tangazo | Mashine na muziki |
|---|---|---|---|---|
| Gharama kwako | Hakuna | Ada ndogo ya kujirudia | Ada kubwa kuliko wimbo | Mashine, fundi, leseni |
| Gharama kwa mpigaji | Hakuna akingoja | Hakuna akingoja | Hakuna akingoja | Kila sekunde, ila kwa 0800 |
| Anajua amefika penyewe? | Hapana | Labda | Ndiyo | Ndiyo |
| Kwenye kelele | Husikika vizuri | Hupotea | Maneno hupenya kiasi | Hutegemea |
| Hatari | Hauna mvuto | Fumbo, matanga, kusahaulika | Habari kupitwa na wakati | Kumaliza salio la watu |

Ningechagua nini

Kwa simu ya mtu binafsi: mlio, au wimbo kwa ajili ya msanii. Kwa muuza vitunguu wa jumla Kongowea: mlio, bila kusita, wateja wake wanapiga alfajiri wakiwa sokoni, katikati ya mikokoteni. Kwa fundi wa friji au mwenye teksi: tangazo la sekunde sita lenye jina lake na mtaa. Kwa duka la nguo na zahanati: tangazo, na zahanati iongeze nambari ya dharura mwishoni. Kwa madrasa au ofisi ya msikiti: salamu fupi au mlio.

Kwa ofisi ya clearing ningegawa laini mbili, na hapa sioni njia nyingine. Ya wenye mizigo iwe na mashine inayotaja nafasi kwenye foleni. Ya madereva iwe ni simu ya mkononi ya kawaida, mlio wa kawaida, kijana mmoja wa kuipokea, na ruhusa ya kubip.

Yote haya hayaigusi WhatsApp. Simu ya huko haipiti kwenye mtambo wa Skiza wala kwenye mashine yako. Mlio anaousikia mpigaji unatoka kwenye programu iliyo mkononi mwake mwenyewe, na maandishi kwenye skrini humwonyesha kama simu yako imefikiwa au bado inatafutwa. Jamaa walioko Muscat na Dubai, ambao ndio huagiza leso kwa robota na kulipia harusi za nyumbani, huandika kwa njia hiyo. Kwa hivyo lile tangazo la sekunde kumi liandike pia kwenye maelezo ya akaunti ya biashara, na saa za kufunguliwa uzitaje kwa saa za Kenya, maana wenzetu wa huko wako mbele yetu kwa saa moja na hututafuta duka halijafunguliwa.